"La Sivyo": Sintaksia ya Kushughulikia Hitilafu katika Lugha za Programu na Vishazi vya Masharti vya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Lugha ya programu ni lugha ya kubuniwa ambayo kwayo binadamu huiamuru kompyuta itende kazi. Kama ilivyo lugha ya asili, ina msamiati wake na ina sintaksia, yaani kanuni zinazotawala mpangilio wa vipashio katika tungo. Tofauti kubwa ni kwamba msikilizaji wa lugha hii hana busara ya kukisia. Mtu akiambiwa "kachukue ufunguo kwa jirani" akamkuta jirani hayupo, hurudi na kutoa taarifa bila ya kuelekezwa. Kompyuta haifanyi hivyo. Isipoambiwa la kufanya pindi jambo likishindikana, ama itaendelea kana kwamba limefanyika, ama itasimama kabisa.

Kwa sababu hiyo, kila lugha ya programu hulazimika kuwa na njia ya kueleza itakuwaje jambo lililokusudiwa lisipotimia. Njia gani iliyo nyepesi na salama zaidi ni suala lililojadiliwa kwa zaidi ya nusu karne, na bado halijapata jibu moja. Mwezi Juni mwaka 2025 watunzaji wa lugha ya Go, baada ya miaka saba ya mapendekezo, walitangaza kwamba wanaacha kutafuta sintaksia mpya ya jambo hilo kwa kipindi kirefu kijacho.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, ni kueleza mjadala huo kwa Kiswahili, kwa kutumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pili, ni kuonyesha kwamba mwanaisimu wa Kiswahili ana la kuchangia, kwani kinachobishaniwa na watunga programu ni kile kile ambacho sarufi ya vishazi vya masharti imekishughulikia muda wote: je, kushindwa kwa tendo kutajwe kwa kishazi kizima, kwa kipashio kifupi, au kusitajwe?

2.0 Mfano wa Malipo

Kiabakari ni mji mdogo katika Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, kando ya barabara kuu itokayo Bunda kwenda Musoma. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, na nyingine za aina yake zikafuata, mzazi wa mahali kama hapo halazimiki tena kupanda gari hadi Musoma ili kulipa ada ya mtoto. Ichukuliwe basi kwamba mzazi mmoja wa Kiabakari anatuma ada kwa simu. Programu ya kubuni inayotimiza ombi lake inaweza kupunguzwa hadi amri nne:

(1)
a. soma salio la mzazi
b. punguza ada katika salio la mzazi
c. ongeza ada katika salio la shule
d. mwarifu mzazi kwamba malipo yamekamilika

Mifumo halisi ina kinga nyingi kuliko hii, lakini mfano unatosha kuonyesha tatizo. Kila moja ya amri hizi inaweza kushindikana. Ikishindikana (1a), hakuna madhara: mzazi atajaribu tena. Ikishindikana (1b), vivyo hivyo. Hatari iko kwenye (1c). Mtandao ukikatika baada ya (1b) kukamilika na kabla ya (1c) kukamilika, fedha zimeshatoka kwa mzazi na hazijafika shuleni. Programu ikiendelea hadi (1d), mzazi atapata ujumbe wa kumhakikishia jambo ambalo halikutendeka, na mtoto atarudishwa nyumbani kwa ada ambayo mzazi anaamini ameilipa.

Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba amri zote nne zimeandikwa sawasawa. Hakuna neno lililokosewa. Kilichokosekana ni sentensi ya tano, ile ambayo ingeeleza la kufanya endapo (1c) haikufaulu. Kwa hiyo sintaksia ya kushughulikia hitilafu ni sintaksia ya sentensi ambazo mtunzi ana kishawishi kikubwa cha kuziacha.

3.0 Njia Tatu za Kutaja Kushindwa

3.1 Njia ya ukimya

Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, amri inayoshindikana kwa kawaida hurudisha namba maalumu, mathalani -1, na sababu ya kushindwa huwekwa mahali pengine ili atakaye aisome. Lugha yenyewe haimlazimishi mtunzi kuiangalia namba hiyo. Akiipuuza, programu huendelea na amri inayofuata. Programu ya (1) ikiandikwa kwa mtindo huu bila ya uangalifu, ndiyo itakayomtumia mzazi ujumbe wa uongo.

Faida ya njia hii ni wepesi wake: hakuna sintaksia mpya ya kujifunza. Hasara yake ni kwamba ukimya una maana mbili. Msomaji wa programu akikuta amri isiyofuatwa na ukaguzi wowote, hawezi kujua iwapo mtunzi aliamua kwamba haihitaji ukaguzi, au alisahau.

3.2 Njia ya kurusha na kukamata

Njia ya pili ilianza kuchipuka katika lugha ya PL/I katika miaka ya 1960, ikaendelezwa katika CLU, Ada na C++, na ikaenea sana kwa Java, iliyotolewa mwaka 1995. Hapa amri ikishindikana "hurusha" hitilafu. Programu huacha njia yake ya kawaida na kuruka hadi mahali palipoandaliwa "kuikamata":

(2)
jaribu {
   punguza ada katika salio la mzazi
   ongeza ada katika salio la shule
   mwarifu mzazi
} kamata {
   shughulikia hitilafu
}

Sifa ya njia hii ni kwamba hadithi ya mafanikio husomeka mfululizo bila ya kukatizwa, na hadithi ya kushindwa huwekwa chini yake peke yake. Aidha, ukimya haupitishi hitilafu: isipokamatwa popote, programu nzima husimama. Lakini njia hii nayo ina gharama. Msomaji wa (2) haoni ni amri ipi kati ya tatu inayoweza kurusha. Akifika kwenye sehemu ya kukamata hajui kama fedha zilikwisha kutoka kwa mzazi au la, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kinachotakiwa kufanywa.

Java ilijaribu kuliziba pengo hili kwa kumlazimisha mtunzi ama akamate baadhi ya hitilafu ama atangaze kwamba amri yake inaweza kuzirusha. Nia ilikuwa njema, lakini watunzi wengi, kwa kuchoshwa na sharti hilo, walizoea kuandika sehemu ya kukamata iliyo tupu. Ukimya uliofukuzwa mlangoni ukaingilia dirishani.

Tukio la tarehe 4 Juni 1996 linaonyesha kwamba hata kusimama kwa programu si usalama wa hakika. Siku hiyo roketi ya Ulaya aina ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, na takriban sekunde 40 baadaye ikasambaratika. Programu ya kuongoza safari, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada na kurithiwa kutoka Ariane 4, ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 iwe namba ya biti 16, na namba hiyo ikawa kubwa mno isiweze kuenea. Hitilafu ikarushwa. Hapakuwa na pa kuikamata, kwani kati ya namba saba za namna hiyo, nne tu ndizo zilizokuwa zimewekewa kinga. Tatu ziliachwa kwa hoja kwamba haziwezi kuzidi kiasi, na kwa Ariane 4 hoja hiyo ilikuwa sahihi. Kompyuta ya akiba, iliyobeba programu ile ile, ilikuwa imekwisha kushindwa kwa sababu ile ile. Kompyuta iliyosimama ikatuma taarifa ya hitilafu yake, na kompyuta kuu ikaisoma taarifa hiyo kana kwamba ni vipimo vya kawaida vya safari. Kwa lugha ya semantiki, kauli ya "nimeshindwa" ilipokelewa kama kauli ya "tumepinda, tunyooke".

3.3 Njia ya thamani

Njia ya tatu huichukulia hitilafu kuwa ni kitu cha kawaida, kama namba au neno, ambacho amri humkabidhi aliyeita. Hii ndiyo njia ya Go, lugha iliyoanza kubuniwa mwaka 2007 katika kampuni ya Google na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, ikatangazwa hadharani mwaka 2009. Amri ya Go inayoweza kushindikana hurudisha majibu mawili: kilichoombwa, na hitilafu. Hitilafu ikiwa tupu, mambo yamekwenda vyema. Ukaguzi wake huandikwa kwa umbo moja ambalo kila msomaji wa Go amelizoea:

(3)
if err != nil {
   return err
}

Yaani: kama hitilafu si tupu, irudishe kwa aliyeita. Kila kitu kiko wazi. Lakini programu yenye amri kumi zinazoweza kushindikana huwa na mistari thelathini ya ziada inayofanana, na hadithi ya mafanikio humezwa na marudio. Katika tafiti za maoni ambazo watunzaji wa Go hufanya kila mwaka, malalamiko kuhusu jambo hili yalikuwa miongoni mwa ya juu kabisa kwa miaka mingi.

Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2015, hufuata njia hiyo hiyo ya thamani, lakini tangu toleo la 1.13 la Novemba 2016 imekuwa na alama moja inayobeba mistari yote mitatu ya (3). Alama hiyo ni kiulizo:

(4) ongeza ada katika salio la shule ?

Maana yake ni: tenda, ukifaulu endelea na ulichopata, ukishindwa acha hapa na umrudishie hitilafu aliyekuita. Kwa hiyo kila mahali programu inapoweza kukatikia pana alama, na alama hiyo ni fupi.

4.0 Mapendekezo ya Go, 2018–2025

Ilitarajiwa kwamba Go ingeweza kuazima wepesi huo. Pendekezo la kwanza lilitolewa mwaka 2018. Lilikuwa na maneno mawili mapya, "check" la kukagua na "handle" la kuandaa ushughulikiaji. Lilionekana kuwa tata mno, hasa kwa kuwa kazi ya neno la pili ilikaribiana na ya neno jingine lililokuwamo tayari katika lugha.

Pendekezo la pili, la mwaka 2019, lilirahisishwa likabaki na neno moja, "try". Lilipingwa vikali na kuondolewa mwezi Julai mwaka huo huo. Hoja kuu ya wapinzani ilikuwa ya kisintaksia: neno hilo liliweza kupachikwa katikati ya tungo ndefu, hata ndani ya tungo iliyo ndani ya nyingine, na kutoka hapo likaikatisha kazi yote. Msomaji angeweza kulipita bila ya kuona kwamba amepita mlango wa kutokea.

Pendekezo la tatu liliwekwa mezani na Ian Lance Taylor, nalo lilitumia kiulizo kama Rust, lakini kwa nyongeza yenye maana kubwa. Baada ya kiulizo, mtunzi angeweza kuandika fungu la amri za kutekelezwa endapo kuna hitilafu:

(5)
ongeza ada katika salio la shule ? {
   rudisha ada katika salio la mzazi
   rudisha hitilafu
}

Hili nalo halikupata muafaka. Katika tangazo la Juni 2025 watunzaji walitoa sababu kadhaa. Hakuna pendekezo lililowahi kuungwa mkono kwa kiasi cha kutosha. Lugha ilikuwa imeishi zaidi ya miaka kumi na mitano na umbo lake linalojulikana. Kuongeza la pili kungegawanya watumiaji katika mitindo miwili. Marudio ya (3) hupungua uzito pale mtunzi anapoishughulikia hitilafu kikweli, kwa kuiongezea maelezo, badala ya kuipitisha tu. Na zana za kisasa za kuandikia programu humsaidia mtunzi kuyaandika marudio hayo.

Mwanaisimu hatashangazwa na sababu ya pili. Umbo lililokwisha kuzoeleka na jumuiya ya wasemaji haliondolewi kwa kuwa limepatikana fupi zaidi.

5.0 Ulinganisho na Kiswahili

5.1 Kiambishi -sipo-

Kiswahili kina njia zaidi ya moja ya kueleza sharti la kutotimia kwa tendo. Tungo zifuatazo zina maana inayokaribiana:

(6)
a. Ongeza fedha za shule. Kama hazikuongezeka, rudisha za mzazi.
b. Fedha za shule zisipoongezeka, rudisha za mzazi.
c. Ongeza fedha za shule, la sivyo rudisha za mzazi.

Tungo (6a) ina sentensi mbili, na kitenzi kimetajwa mara mbili. Huu ndio mtindo wa (3), na ndiyo sababu watumiaji wa Go huuona mrefu. Katika (6b) ukaguzi umeingia ndani ya kitenzi chenyewe kwa kiambishi -sipo-, ambacho huunganisha ukanushi na sharti. Silabi mbili zinafanya kazi ya kishazi kizima. Ni rahisi basi kudai kwamba kiulizo cha Rust ni -sipo- ya kompyuta.

Dai hilo, hata hivyo, ni sahihi kwa nusu tu. Kiambishi -sipo- hutaja sharti peke yake, na huuacha wazi uchaguzi wa tokeo: zisipoongezeka, rudisha, zisipoongezeka, subiri, zisipoongezeka, piga simu. Kiulizo cha (4) hubeba sharti na tokeo kwa pamoja, na tokeo lake halina uchaguzi: acha na umrudishie aliyekuita. Tena mpangilio wake ni tofauti. Kishazi cha -sipo- kwa kawaida hutangulia, ilhali kiulizo hufuata tendo.

5.2 "La sivyo"

Tungo (6c) ndiyo iliyo karibu zaidi. Tendo lililokusudiwa linatajwa kwanza, kwa ukamilifu wake, kama amri. Kisha neno moja lenye ukanushi, "la sivyo", linalirejelea tendo zima bila ya kulirudia. Kisha linakuja tokeo, ambalo msemaji analichagua mwenyewe. Huo ni mpangilio wa (5) hatua kwa hatua: tendo, kiulizo, fungu la amri. Pendekezo lililokataliwa mwaka 2025 lingeweza kusomwa kwa sauti na Mswahili yeyote kwa kutamka "la sivyo" kila anapofika kwenye kiulizo, naye asipungukiwe na maana.

Ulinganisho huu unasaidia kueleza upungufu wa kiulizo kinachosimama peke yake. Mtu akisema "Ongeza fedha za shule, la sivyo..." na kunyamaza, msikilizaji hungoja. Sentensi haijakamilika. Lugha ya programu hujaza pengo hilo kwa tokeo la kawaida, na katika amri nyingi tokeo hilo linafaa: (1a) na (1b) zikishindikana, kumrudishia hitilafu aliyeita kunatosha. Kwa (1c) hakutoshi. Hapo kinachotakiwa kurudi ni vitu viwili: hitilafu irudi kwa aliyeita, na fedha zirudi kwa mwenyewe. Kitenzi "rudisha" cha Kiswahili hutumika kwa vyote viwili, na kwa hiyo huwakumbusha wasomaji jambo ambalo sintaksia fupi hulifunika. Kupitisha taarifa ya kushindwa ni jambo moja. Kurekebisha kilichoharibika ni jambo jingine.

Hapa pana jibu kwa wale wanaouona ufupi kuwa ndilo lengo. Sintaksia nyepesi humsaidia mtunzi asiache kutaja kushindwa; haiwezi kumwamulia la kutenda. Mzazi wa Kiabakari halindwi na kiulizo. Analindwa na mtunzi aliyeweka fungu la amri baada yake.

6.0 Suala la Istilahi

Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Tangu wakati huo, na hata kabla yake, istilahi za kompyuta zimeongezeka. Katika eneo linalojadiliwa, hata hivyo, maneno "kosa", "hitilafu", "dosari" na "kasoro" mara nyingi hutumiwa kama visawe.

Kitenzi "kosa" kina maana mbili kubwa: kutenda lisilo sawa, na kutopata. "Nimekosa" ni ungamo. "Nimemkosa" ni taarifa tu. Minyambuliko huzitenganisha: "kosea" huelekea maana ya kwanza, na "kosekana" ya pili. Tofauti hiyo ni muhimu katika programu. Faili lililokosekana halimaanishi kwamba mtu amekosea. Kwa hiyo mgawanyo ufuatao unaweza kufaa: "kosa" litumike kwa kilichoandikwa vibaya na mtunzi au mtumiaji, kama kosa la sintaksia au namba ya siri iliyokosewa, "dosari" kwa upungufu uliojificha ndani ya programu, kama ule wa Ariane 5, na "hitilafu" kwa hali inayozuka wakati wa utendaji bila ya kulazimu kuwapo mkosaji, kama mtandao kukatika.

Uchaguzi wa kauli ya kitenzi nao una uzito. Kauli ya kutendeka, kama katika "huduma haipatikani" au "malipo hayakukamilika", hutaja tukio bila ya kumlaumu yeyote. Ujumbe "umekosea" humtwika mtumiaji lawama. Mtandao ukikatika kati ya Kiabakari na Musoma, mzazi akaambiwa "umekosea", atarudia kutuma, na huenda akalipa mara mbili. Hapo kosa la istilahi limegeuka kuwa hasara ya fedha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba njia za kushughulikia hitilafu katika lugha za programu zinaweza kupangwa kwa kigezo cha kiisimu: ukimya wa C, kuruka kwa Java, kishazi kizima cha Go na kipashio kifupi cha Rust. Imeonekana pia kwamba pendekezo la mwisho la Go lina mpangilio ule ule wa tungo za "la sivyo", na kwamba kiambishi -sipo-, ingawa kinavutia kwa ufupi wake, kinalingana nalo kwa sehemu tu.

Uamuzi wa mwaka 2025 umeiacha Go na sentensi zake ndefu. Wapo watakaousikitikia, na hoja zao zina nguvu. Lakini sentensi ndefu iliyoandikwa ni bora kuliko fupi iliyosahauliwa. Kiswahili kina kiambishi kingine cha masharti, -ngali-, cha mambo ambayo wakati wake umepita: "ningalijua", "ningaliangalia". Lugha ya programu haina umbo la namna hiyo, kwa kuwa kompyuta haijuti. Kazi ya kujuta imeachiwa watu, na ni heri ifanywe mapema, wakati programu ingali inaandikwa.